Mabega ya Jirani: Historia ya Chama cha Ingobyi katika Vilima vya Rusizi

Parokia ya Mibirizi ina siku yake ya kuzaliwa: Mapadri Weupe waliifungua tarehe 20 Desemba 1903. Dayosisi ya Cyangugu ina yake, 5 Novemba 1981. Kiwanda cha saruji cha Bugarama kina mwaka wake, 1984, na wilaya ya Rusizi, iliyozaliwa mkoa wa zamani wa Cyangugu ulipovunjwa, ni ya mwaka 2006. Taasisi kama hizi hupata jubilei, misa, hotuba na vitambaa vyenye nembo. Chama cha ingobyi hakijawahi kufanyiwa hata kimoja kati ya hivyo. Hakina jiwe la msingi, hakina picha ya mwasisi, na hakuna aliyeandika siku kilipoanza. Lakini ukiuliza wakulima wa vilima hivi walijifunzia wapi kukaa kikao, kutozana faini, kutunza fedha za watu na kunywa kutoka mtungi mmoja, jibu ni hapo. Ndiyo maana naona kinastahili historia yake.

Ingobyi ni machela ya kusuka. Hutengenezwa kwa mianzi au fito, ikakazwa kwa kamba, ikapitishiwa miti miwili mirefu ya kushika mabegani. Zamani ilimbeba bibi harusi siku ya kuondoka kwao, ikambeba mtemi na mkubwa wa nchi. Iliyodumu zaidi ni ile ya mgonjwa. Rwanda yote yenye vilima imekuwa na vyama vya kuibeba, na ng'ambo ya mpaka, Kigezi ya Uganda, wakulima wana vyama hivyohivyo wakiviita vya engozi. Rusizi ni mojawapo ya sehemu ambazo vilikuwa vya lazima kuliko hiari.

Lazima hiyo inatokana na ardhi. Ukitoka Kamembe kuelekea Nyakarenzo, Gashonga, Nkungu, hadi tarafa ya Butare inayopakana na msitu wa Nyungwe, utaona nyumba zilivyokuwa zimekaa kabla ya sera ya kukusanya watu vijijini kuanza kutekelezwa miaka ya 1990: kila mji katikati ya migomba yake, kila mgomba kwenye mteremko wake, na kati ya mji na mji kuna bonde lenye kijito. Barabara ya gari hupita mgongoni mwa kilima kimoja. Wengine wote wako chini au ng'ambo. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku, mtoto mwenye homa kali, mzee aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi, wote walikuwa na njia moja ya kufika hospitali ya Mibirizi au ya Gihundwe, nayo ni mabega ya watu. Nyumba moja haina mabega ya kutosha. Kaka wawili wakimbeba mgonjwa, kabla ya kilima cha pili wamekwisha.

Kwa hiyo nyumba zikaungana, ishirini, thelathini, wakati mwingine kilima kizima. Machela huhifadhiwa kwa mwanachama ambaye mji wake unafikika kirahisi, na mlango wake hugongwa saa yoyote. Kelele ya kuomba msaada ikisikika, wanaume hutoka. Wanne hubeba, wengine hufuata mikono mitupu wakisubiri zamu. Zamu hubadilishwa bila kuiweka machela chini: anayepokea huingiza bega chini ya mti kabla mwenzake hajatoa lake. Kwenye mteremko, mrefu wa kimo hukaa mbele na mfupi hubaki nyuma, ili mgonjwa alale sawa. Kwenye mpando wanabadilishana. Mpita njia akikutana nao hutegemewa kutoa bega walau kwa hatua kadhaa, awe anawajua au hawajui. Ukiupita msafara wa ingobyi kama vile hukuuona, habari zako zitatangulia kufika nyumbani kwako.

Nyuma ya wabebaji huja wanawake, na historia nyingi za vyama vya namna hii huwasahau. Wao hubeba kikapu cha chakula, kuni, chungu na mkeka, kwa sababu mgonjwa anahitaji wa kumpikia na wa kumlalia pembeni wodini. Waliobaki hulima shamba la mgonjwa, huchota maji na kulisha watoto wake. Nyumba ya mjane isiyokuwa na kijana mwenye nguvu haifukuzwi. Itatoa kamba, itatoa ndizi za kutengenezea pombe, itatoa mtu wa kuketi na mgonjwa. Chama kinachohesabu mabega tu kingewaacha nje wale wanaokihitaji zaidi, na wakulima hawa walilijua hilo mapema.

Safari ya kurudi ndiyo iliyokifanya chama kiwe baraza. Watu waliotembea usiku kucha hawatawanyiki bila kuketi. Mwenye mgonjwa, au jamaa zake, huandaa urwagwa, pombe ya ndizi, au ikigage ya mtama. Mtungi huwekwa katikati na mrija hupita kinywa hadi kinywa. Hapo ndipo mahesabu hufanyika. Nani aliitwa akajificha? Nani alitoka lakini akarudi alipoona mvua? Majina husomwa, au kwa wasiojua kusoma hutajwa kwa kumbukumbu, na aliyekosa hutozwa faini. Awali faini ilikuwa mtungi wa pombe au siku ya kulima. Kisha watu waliendelea na mambo mengine: mpaka wa shamba unaobishaniwa, mbuzi aliyekula maharage ya jirani, binti anayeposwa, bei ya kahawa. Wazee walisimulia, vijana wakaimba, na ugomvi uliokuja nao mtu mara nyingi uliishia hapo kwa sababu wote wawili wangebeba machela moja kesho. Mji mdogo wa wakulima hauna ukumbi wala klabu yenye viti vya ngozi. Klabu yake ilikuwa uwanja wa mwenye machela.

Lazima pia niseme kwamba ingobyi ilikuwa na historia nyingine, ya kulazimishwa. Katika nchi isiyokuwa na barabara, wakubwa walibebwa. Watemi wadogo walibebwa, na Wazungu walipokuja nao wakabebwa, pamoja na mizigo yao, na raia waliotolewa kwa kazi ya shuruti. Miti ni ileile, kilima ni kilekile, lakini mabega hayakuwa na la kusema. Naamini heshima ya chama cha wagonjwa ilikua kwa kulinganishwa na hilo. Watu waliojua uchungu wa kumbeba mtu kwa amri walijua pia thamani ya kumbeba mtu ambaye juzi alikubeba wewe.

Fedha iliingia na kahawa. Misheni ya Mibirizi ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kahawa kupandwa Rwanda, mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo kuna aina ya mbuni inayojulikana duniani kwa jina la Mibirizi. Miaka ya 1930 Wabelgiji walilazimisha kila mkulima apande miche yake. Shuruti hiyo iliumiza, tena karibu sana na njaa kubwa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944. Hata hivyo, ndiyo iliyoleta noti na sarafu katika miji ya vilimani. Faini ya chama ikaanza kulipwa kwa faranga. Faranga zikawekwa kwenye kisanduku, na kisanduku kikawa na mweka hazina. Fedha iliyolala kisandukuni ilikuwa na wenye kuihitaji: mmoja ana karo ya mtoto, mwingine ana mbegu, mwingine ana maiti ya kurudisha kutoka hospitali. Ikakopeshwa, ikarudi na nyongeza kidogo. Chama cha kubeba wagonjwa kikazaa kimina, chama cha kuweka na kukopa, na mara nyingi watu walikuwa walewale, siku ileile ya mkutano na uwanja uleule.

Benki zilichelewa sana. Benki ya kwanza ya wananchi, Banque Populaire, ilifunguliwa Nkamba, mashariki ya nchi, mwaka 1975. Mkulima wa Rusizi aliyeishi kabla ya hapo alikuwa na benki ya kilima, yenye dhamana moja tu: kila mtu anajua unapolala.

Bonde la Bugarama lina sura nyingine, nami nalipenda kwa sababu hiyo. Ukishuka kutoka vilimani joto linakupokea. Uko kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari, mahali pa chini kabisa Rwanda, penye mashamba ya mpunga hadi mto Rusizi, na Burundi na Kongo mbele ya macho. Kiswahili hapa kilikuwa lugha ya soko na ya msikiti muda mrefu kabla ya Bunge la Rwanda kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Njia ni tambarare, kwa hiyo baiskeli inaweza kufanya kazi ya mabega. Lakini chama kipo, kwa umbo la kuzikana. Mwislamu anatakiwa azikwe haraka, na haraka hiyo inahitaji sanda, mbao, wachimbaji na chai ya wafiwa vipatikane bila mtu kuanza kuomba mkopo. Wanachama hutoa kidogo kidogo wakiwa wazima. Baada ya maziko watu hukaa mkekani kwa chai na maandazi, na kikao ni kilekile cha mlimani isipokuwa mtungi haupo. Ukivuka daraja la Rusizi kwenda Bukavu, upande wa Kongo, utakuta wanawake wa soko wakichangiana kwa zamu na kuita likelemba. Wauza mboga na samaki wa sambaza wa pande zote mbili wameshiriki michango hiyo miaka mingi, kwa kuwa biashara yao haijui mpaka.

Na kisiwani Nkombo, mgonjwa hubebwa na mtumbwi.

Sasa nafika mahali ambapo historia ya kuadhimisha hushawishika kupita upesi. Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, majirani waliokuwa kwenye zamu moja walitengana: wengine wakawa wauaji, wengine wakawindwa. Watutsi wa Cyangugu walikimbilia makanisani, pamoja na Mibirizi, iliyokuwa na hospitali ambako wengi wao, au wazazi wao, waliwahi kufikishwa kwa machela. Waliokimbilia kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa uwanja wa mpira wa Kamarampaka, na huko baadhi waliitwa kwa majina kutoka kwenye orodha, wakachukuliwa na kuuawa. Yusufu Munyakazi, mkulima na mfanyabiashara wa Bugarama, aliongoza wanamgambo wa Interahamwe. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu tarehe 30 Juni 2010 kifungo cha miaka 25 kwa mauaji ya kimbari katika parokia ya Shangi tarehe 29 Aprili na parokia ya Mibirizi tarehe 30 Aprili 1994.

Chama cha ingobyi hakikuzuia lolote kati ya hayo. Siwezi kuandika vinginevyo. Kuna wanaosifu ujirani wa zamani kana kwamba ulikuwa kinga yenyewe, na nadhani wanawadhulumu waliokufa. Kujua mlango wa jirani, kujua njia zake za usiku, kujua wangapi wanalala humo ndani, yote ni maarifa ya mbebaji, na mwaka ule yalitumika kuua. Wapo waliowaficha jirani zao, nao walitumia maarifa yaleyale. Taasisi ya kusaidiana ni ya wanadamu wanaoiongoza na ya serikali inayowazunguka. Serikali ilipoamua kuua, kisanduku cha kilima na daftari lake havikuwa na nguvu.

Baada ya Julai vilima vilikuwa vitupu kwa namna mbili: wafu, na waliovuka mto kukimbilia Bukavu. Wengi wa wakimbizi walirudi mwishoni mwa 1996. Manusura waliwaona wakirudi. Vyama vilifufuka taratibu, na naona ufufuko huo ni kazi kubwa kuliko kuanzishwa kwa vyama vyenyewe. Mara ya kwanza watu waliungana kwa sababu walihitajiana. Mara ya pili walihitajiana vilevile, lakini kila mmoja alikuwa na sababu ya kutotaka bega la fulani chini ya mtoto wake. Wajane wa mauaji ya kimbari waliunda vikundi vyao kwanza, wakilimiana na kulala kwa zamu katika nyumba za wenzao. Kisha yakaja mabaraza ya gacaca, yaliyoenea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa tarehe 18 Juni 2012. Watu waliokaa kwenye nyasi kusikiliza nani alimuua nani walikuwa walewale waliotakiwa, mgonjwa akipatikana usiku huo, watoke. Katika vilima vingi walitoka.

Wakati huohuo serikali ilikuwa inatafuta namna ya kuwatibu wananchi wasio na fedha. Baada ya 1994 matibabu yalitolewa bure; malipo yaliporudishwa mwaka 1996 watu waliacha kwenda zahanati. Mwaka 1999 bima ya afya ya jamii, mituweli, ilijaribiwa Byumba, Kabgayi na Kabutare. Mwaka 2003 walioandikishwa nchini walikuwa kama watu 7 katika kila 100. Kufikia mwaka 2008 walikuwa zaidi ya 80. Wageni waliokuja kujifunza siri ya ongezeko hilo walionyeshwa sheria, takwimu na vikao vya wizara. Hayo yote yana sehemu yake. Ila ningewaonyesha kwanza machela. Chama cha Muvandimwe cha Kibungo kilikuwa kinachangishana kwa ajili ya matibabu tangu 1966, na kabla yake vilima vilikuwa vimekwisha zoea wazo gumu kuliko yote katika bima: kulipa mwaka huu ukiwa mzima, kwa ajili ya mgonjwa ambaye si wewe. Wazo hilo halifundishwi kwa bango. Mkulima wa Gashonga alikuwa amelibeba begani. Wenzetu wa hospitali ya Bwindi, Uganda, walipoanzisha bima yao mwaka 2010 waliliona hilo waziwazi, wakaandikisha watu kupitia vyama vya engozi na vya maziko vilivyokuwapo.

Ilipofika 2011 mchango wa mituweli ulipangwa kwa uwezo wa nyumba: faranga 2,000, 3,000 au 7,000 kwa kila mtu. Kwa nyumba ya watu wanane hiyo ni fedha ya kutafutwa, wala haiwezi kutolewa mara moja na mtu anayesubiri msimu wa kahawa. Vimina vikaichukua kazi hiyo, wanachama wakiweka faranga mia, mia mbili kila wiki hadi nyumba zote zimelipiwa. Ushirika wa akiba na mikopo wa kila tarafa, Umurenge SACCO, ulioanza mwaka 2008 na 2009 katika tarafa zote 416 za nchi, ukavipa vimina mahali pa kuweka fedha penye mlango wa chuma. Rusizi ina tarafa 18, na kila moja ilipata SACCO yake. Visanduku vya mbao vingi vimestaafu.

Mambo mengine yamebadilika bila kelele. Kunywa kwa mrija mmoja kulikatazwa kwa ajili ya afya, na sasa kila mtu huja na kikombe au chupa yake. Wazee wengine hawajazoea, lakini aliyewahi kuona kifua kikuu kikipita nyumba hadi nyumba hawezi kulilaumu katazo hilo. Wajumbe wa afya wa kila kijiji wana simu, na simu huita gari la wagonjwa. Hata Bweyeye, iliyojificha nyuma ya Nyungwe na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mfano wa mbali kuliko kote, imefikiwa na lami kutoka Pindura. Safari ya machela iliyokuwa ya usiku mzima imekuwa fupi: kutoka mlangoni hadi barabarani. Haijafika mwisho, kwa sababu gari halishuki bondeni, hasa mvua za Aprili zinapofanya njia kuwa utelezi.

Mwaka 2020 ulivijaribu vyama hivi kwa namna ambayo vita havikuwahi kuvijaribu. Mpaka na Bukavu ulifungwa Machi kwa sababu ya korona. Juni, wakati sehemu kubwa ya nchi ilikuwa inafunguliwa, mji wa Rusizi uliwekwa tena chini ya karantini. Kukutana kulikatazwa, na chama ambacho msingi wake ni kukutana kikabaki na simu. Michango ilitumwa kwa simu, orodha zikasomwa kwa sauti zilizorekodiwa, faini zikasamehewa. Vikundi vya wauza samaki na mboga waliotegemea daraja ndivyo vilivyoumia zaidi, na baadhi havikurudi.

Vilivyorudi vinakutana, vingi Jumapili baada ya ibada au Jumamosi ya mwisho wa mwezi kazi ya pamoja ya umuganda ikimalizika, wakati watu wako pamoja tayari, majembe mikononi. Mwaka wa mituweli huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo hesabu kali hufanywa Juni: nani amekamilisha nyumba yake, nani amebakiza watoto wawili, na kisanduku kitamwongezea kiasi gani ili asibaki nje. Mgao wa akiba hufanywa Desemba, kabla ya Noeli na karo za Januari. Katika mkutano huohuo machela hutolewa nje, kamba zilizolegea hukazwa, mti uliopasuka hubadilishwa, na majina ya vijana waliofikia umri wa kubeba huongezwa mwishoni mwa daftari.